Mgonjwa Aliyezaa Mara Sita

Serikali ilipowashusha watu milimani na kuwapanga bondeni upande wa Tindiga, ilipima kila kitu kwa kamba. Nyumba zilisimama mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride, hatua thelathini kutoka nyumba hadi nyumba. Nyuma yake vyoo navyo vilikuwa na mstari wao, vimenyooka vilevile, tayari kukaguliwa na mgeni yeyote wa heshima. Kitu kimoja tu kamba haikukipima, nacho ni ukwe.

Costancia Melkizedek, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni, aliporudi likizo ya Juni mwaka wa sabini na tano alikuta zahanati mpya imekamilika. Wananchi waliifyatulia matofali wenyewe na kuijenga kwenye mwinuko nyuma ya nyumba yao, ili maji ya mvua yasifike kwenye dawa. Mganga aliyeletwa alikuwa kijana mpole aitwaye Theodory. Theodory alikuwa mume wa Ida, dada mkubwa wa Costancia. Kwa hiyo alikuwa mkwe wa mama yao, Magreti, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Ida. Jina la mganga lilipotangazwa kwenye mkutano, watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mama Ida alikuwa na kazi ya kufunga upya khanga yake.

Maana kwa watu wa ukoo wao, mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini, na mara nyingi anayeingia ni mama. Hawali sahani moja, hawaingii chumba kimoja, hawasemeshani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Hiyo haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena ya daraja la kwanza. Kule milimani haikumsumbua mtu, kwa sababu kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na migomba, korongo na nusu saa ya kutembea.

Costancia mwenyewe hakuwa mtu wa heshima ya daraja hilo. Shuleni alikuwa na barua mbili za onyo kali. Moja aliipata kwa kutangaza kwamba mkaguzi wa elimu anakuja, hata viranja wakasugua sakafu tangu alfajiri wakimngoja mtu ambaye hajazaliwa. Barua hizo alizitunza ndani ya Biblia, akiamini kwamba nyaraka muhimu hukaa pamoja.

Siku ya tatu ya likizo alimkuta mama yake jikoni, ameshika nguzo, amefumba macho, anavuta pumzi kwa meno.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Koroga uji."

"Mama, huu ni ugali."

"Basi songa."

Costancia alisonga, huku akichunguza kwa makini ya mpelelezi. Mama alitoka kwenda chooni, akarudi. Kabla maharage hayajapakuliwa, akatoka tena, akarudi amekunja uso. Alipopewa kikombe cha maji alikiweka chini bila kukigusa. Walipomaliza kula akawa amekwenda mara nne, yeye ambaye kwa kawaida mchana kutwa hakuonekana akielekea huko.

Aliyeivunja siri alikuwa jirani, Mwanakheri, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapohapo bondeni. Alikuja kuazima ungo, akamtazama Mama Ida mara moja tu.

"Mama Ida, wewe unakojoa moto."

"Mwanakheri! Mtoto yupo."

"Mtoto huyu ananizidi urefu. Inaunguza au haiunguzi?"

Mama Ida alikaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayekalia mayai. "Inaunguza," alisema. "Kama pilipili. Haja inakuja kwa haraka, nakimbia, nikifika yanatoka matone mawili. Nikigeuka tu, imerudi."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Leo Jumapili!" Mwanakheri aliuweka ungo chini. "Yalinipata baada ya mtoto wangu wa pili. Nilinyamaza siku tisa, nikisema yatapita. Siku ya kumi nilibebwa juu ya kitanda mpaka Kilosa, naweweseka, namwita marehemu bibi yangu aniletee koti. Walisema ugonjwa umepanda hadi kwenye figo. Hebu nenda hapo juu kwa dokta, hatua mia tu."

"Dokta ni mkwe wangu."

"Ni dokta."

"Ni mkwe wangu, Mwanakheri. Nikamwambie nini? Nianzie wapi?" Sauti ya Mama Ida ilikuwa tulivu kabisa, na huo utulivu ndio uliomwogofya Costancia. "Tena watu watasema ni kisonono. Watasema Melkizedek yuko Mikumi kwenye genge la reli na mkewe ameokota ugonjwa. Nitamngoja Ida."

Lakini Ida alikuwa Dumila akimuuguza mama mkwe wake mwenyewe, ambaye kwa mujibu wa heshima ileile aliruhusiwa kumwogesha. Na baba asingetoka Mikumi kabla ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe kumi na tano.

Usiku huo, kwa siri kubwa, Kamati Kuu ya nyumba ilikutana. Ilikuwa na mjumbe mmoja, na mjumbe huyo alikuwa amelala kitandani anatazama bati. Azimio lilipita bila kupingwa: Ndugu Costancia ataugua yeye, kwa niaba ya mama yake.

Asubuhi alipanda zahanati, akakaa foleni nyuma ya watoto wawili wenye kikohozi, kisha akaingia na kufunga mlango.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, shemeji. Leo umekuja kunidanganya nini?" Theodory alimfahamu tangu akiwa wa kuokota kuni.

"Naumwa. Nikikojoa naungua kama pilipili. Haja inakuja kila saa na yanatoka matone mawili."

Theodory aliacha kutabasamu. Alivuta daftari. "Tangu lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ulikuwa bado shuleni?"

Costancia alipiga hesabu haraka. "Nilianza shuleni, nikaja nayo."

"Mkojo una damu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuangalia. Nitakwenda kuangalia."

"Homa?"

"Hiyo nayo nitaangalia."

Theodory alimwekea kipimajoto kwapani, akakisoma, akakiandika. Hakuwa na homa hata chembe. Alimpa kichupa kilichochemshwa akamwelekeza: ajisafishe kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite, wa katikati ndio aukinge. Costancia alikwenda mbio nyumbani. Baada ya mabishano mafupi nyuma ya mlango, ambayo yeye alishinda kwa kutishia kumwandikia baba barua, akarudi na kichupa kimefungwa ndani ya leso.

Theodory alikiinua dirishani. Mkojo ulikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Alikifungua, akakifunga upesi. Akakitazama kichupa, kisha akamtazama msichana aliyekuja mbio amebeba ugonjwa huo huku mashavu yakimng'aa kwa afya. Akarudi kwenye daftari, akaendelea kuuliza bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu anayesoma rejesta.

"Shughuli zako?"

"Kilimo."

"Unaingia majarubani, kwenye mpunga?"

"Mwaka huu hapana. Pamba na mahindi."

"Umezaa mara ngapi?"

"Sita," alisema Costancia, aliyefurahi kupata hatimaye swali analolijua vizuri.

Kalamu ilisimama. Nje mtoto mmoja alikohoa, na mwenzake akamjibu.

Theodory aliweka kalamu chini. Alisogea dirishani akatazama mabati ya nyumba za chini, kisha, kama aliyechomwa, akageuka na kuupa ukuta uso wake wote. Masikio yalikuwa mekundu kadiri masikio meusi yanavyoweza. Costancia, aliyewahi kusimama mbele ya mwalimu mkuu bila kupepesa, alitamani sakafu impokee.

"Huyu mgonjwa," Theodory aliuambia ukuta, "mimi simjui. Sitaki kumjua. Ni mgonjwa wa mbali."

"Wa mbali sana, shemeji."

"Vizuri. Mwambie huyo wa mbali kwamba wanawake wengi hupata hali hii. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari ndefu. Si lazima awe ameambukizwa na mtu. Hakuna wa kumsema." "Kama ni kuungua tu, dawa ninayo, na ameshachelewa siku tano. Lakini kuna mambo manne nataka majibu yake sasa hivi. Amepata homa, au kutetemeka? Anaumwa ubavuni au mgongoni, hapa chini ya mbavu? Anatapika? Ana mimba? Hata moja likiwa ndiyo, si la kunywea mizizi nyumbani."

Costancia alishuka mbio kwa mara ya pili. Foleni ya zahanati, ambayo ilikuwa imeongezeka, ilimsindikiza kwa macho na kukubaliana kwamba shule za bweni siku hizi zinafundisha riadha.

Mama yake alikuwa nje, kwenye jua la saa nne, amejifunika blanketi. Blanketi zito la baba, alilokuwa akijifunika zamani kwenye zamu za reli. Lilikuwa linatikisika.

"Mama, unatetemeka."

"Baridi ya Juni."

"Ubavuni panauma?"

Mkono wa kulia wa Mama Ida ulisogea chini ya blanketi, ukaenda nyuma, chini ya mbavu, ukatulia hapo.

Mimba hapana. Kutapika hapana, ila chai ya asubuhi ilikuwa imemwagwa kwenye majivu na Costancia aliiona. Akapanda tena kilima, polepole safari hii, akatoa taarifa bila pambo lolote. Theodory alisikiliza, akachukua mkoba wake.

"Lazima nimwone leo."

"Hatakubali, shemeji."

"Najua. Mimi mwenyewe sijui nitafanyaje. Shemeji, wewe si ndiye bingwa wa hila? Nipe moja."

Na hila Costancia alikuwa nazo. Angeweza kumwambia mama kwamba amekuja muuguzi mwanamke kutoka Kilosa, kisha amfungulie mlango Theodory. Angeweza kumvika Theodory ushungi wa Mwanakheri, jambo ambalo lingekumbukwa wilayani kwa vizazi. Aliliona zima mbele yake, likampendeza sana. Kisha akauona mkono ule ukienda nyuma chini ya blanketi.

"Leo sina," alisema. "Nitamwambia ukweli. Ngoja hapa."

Alimwambia mama yake ukweli, wote, pamoja na kile cha kuzaa mara sita. Mama Ida alijifunika blanketi mpaka kichwani na kukaa humo kitambo. Mwanakheri, aliyeitwa kuwa shahidi, alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaacha kucheka na kuliambia blanketi: "Mimi nilibebwa juu ya kitanda, Mama Ida. Wewe bado unaweza kutembea. Tumia hiyo miguu."

"Siendi kule juu watu wakinitazama," blanketi lilisema. "Aje. Lakini asiniangalie."

Basi mkutano uliandaliwa kwa itifaki inayostahili. Khanga mbili zilifungwa mlangoni kutoka juu hadi chini. Mama Ida alikaa ndani kwenye mkeka, Mwanakheri kando yake. Theodory alikaa nje kwenye kigoda, ameipa khanga mgongo, anawatazama kuku. Costancia alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, akiwa mkalimani wa pande mbili zilizozungumza lugha moja na kusikiana bila shida yoyote.

"Mwulize mgonjwa," alisema Theodory, "kama amewahi kutokwa na vipele au kuvimba baada ya kumeza dawa."

"Mganga anauliza kama umewahi kutokwa na vipele au kuvimba baada ya kumeza dawa."

"Mwambie hapana."

"Mgonjwa anasema hapana."

"Nimesikia. Yaani, asante."

Kipimajoto kilipita chini ya khanga kwenda na kurudi. Thelathini na nane na nusu. Mwanakheri aliagizwa agonge kidogo kwa ngumi mgongoni, kulia chini ya mbavu, na sauti iliyotoka ndani haikuhitaji mkalimani. Theodory alifumba macho.

"Mwulize," alisema, "kabla hajaugua, kwa siku alikuwa anakunywa maji kiasi gani."

"Kikombe," ilisema khanga. "Kimoja. Cha jioni."

"Mgonjwa anasema kikombe ki..."

"Na haja ndogo? Mara ngapi kwa siku?"

Mwanakheri alikohoa. Costancia aliingiza kichwa ndani na mama yake akamnong'oneza.

"Mara mbili," alitangaza. "Kabla ya kupambazuka na baada ya jua kuzama."

"Kutwa nzima anajizuia?" Theodory alisahau itifaki, nusura ageuke. "Kwa nini? Mkojo ukikaa hivyo na maji hanywi, vijidudu vinapata makazi ya kudumu. Choo si hicho hapo nyuma? Mwulize kwa nini."

Costancia hakuuliza. Aligeuza macho akafuata njia ya chooni, kutoka mlango wa nyuma, hatua ishirini za uwanja mweupe usio na hata kichaka, mpaka kwenye choo kilichopimwa kwa kamba. Akapandisha macho zaidi. Juu ya mwinuko ilikuwa baraza ya zahanati, na barazani ilikuwepo meza ambayo mganga aliketi kutwa nzima akiandika. Kutoka mezani hapo mtu asingeweza kuinua kichwa bila kumwona kila aingiaye na kutoka.

Akaelewa, na mara akatafuta uongo wa haraka. Angesema ni dawa ya mizizi iliyokataza. Angesema kuna nyoka chooni. Alikuwa tayari amefungua mdomo, nyoka yuko kwenye ncha ya ulimi, urefu wake umeshaamuliwa, sauti ya mama yake ilipotoka nyuma ya khanga, wazi, haikumlenga yeye.

"Kwa sababu wewe unakaa pale barazani."

Kuku walinyamaza, au hivyo ndivyo Costancia atakavyosimulia bwenini.

"Tangu Machi," Mama Ida aliendelea. "Nikitoka mlango wa nyuma, wewe uko pale. Mama mkwe anatembea na kopo la maji mbele ya mkwe wake? Nikaona bora nisinywe, nisiende. Mkwe wangu, ninaumwa. Hapa ubavuni. Tangu jana usiku. Naogopa."

Theodory alibaki ameinamia magoti yake. Costancia alikuwa na jukumu la kuwasilisha ujumbe, lakini ulikuwa umeshafika.

"Mama," Theodory alisema, na akaliacha neno hilo lisimame peke yake kidogo. "Mimi nami nikikuona shambani nazungukia kwa mwenyekiti. Nimechoka kwa kuzunguka. Sikujua kama wewe unalipa hivi. Nisamehe."

"Hakuna kosa. Sema la kufanya."

Alilisema, ana kwa ana, yaani mgongo kwa khanga. Vidonge vya salfa ameze vya kwanza sasa, na birika zima la maji. Lakini kwa homa ile na ubavu ule hataki kumtibu kijijini. Figo si la kujaribia. Kesho saa kumi na mbili gari la pamba linakwenda Kilosa, na yeye ataandika barua ya hospitali. Usiku huu akianza kutapika dawa au kuchanganyikiwa, waamshe mwenyekiti na trekta la kijiji, wasisubiri gari.

"Na huyu?" Mama Ida aliuliza. "Aliyezaa mara sita?"

"Ataongozana nawe. Daftarini bado anaumwa."

Asubuhi Petro, dereva wa gari la pamba, alikuta amri mbili zikimngoja. Ya kwanza, mgonjwa akae mbele. Ya pili, mgonjwa ana galoni la maji, na lazima alinywe njiani. Petro alilitazama galoni, akaitazama barabara.

"Dokta, maji yote hayo yataingia, yatatoka wapi?"

"Utasimama," alisema Theodory. Alikuwa upande wa pili wa gari, anaongea na tairi, ila kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kiti. "Kila mama atakaposema, utasimama."

"Nina ratiba mimi!"

"Mkwe," Mama Ida aliita kutoka ndani, bila kugeuza uso, "mwambie nitasema."

Costancia alipewa nafasi juu ya magunia, pamoja na vijana watatu wa kijiji waliokuwa wanakwenda mjini kwa mambo yasiyoeleweka. Kabla hawajafika nusu ya safari, mkono ulitoka dirishani ukagonga mlango wa gari mara mbili, kwa nguvu. Petro alifunga breki, analalamika kwa Mungu na kwa chama. Costancia alisimama juu ya pamba, akawageuza vijana watatu kwa mabega, mmoja mmoja, wakatazama milima.

"Ndugu wananchi," alisema, "tudumishe nidhamu."

Chini mlango ulifunguliwa. Mama yake alishuka mwenyewe, kwa shida, ameshika ubavu, akaingia kwenye mkonge bila haraka, mchana kweupe. Alipotoka alikuwa anafuta jasho. Akaomba galoni.